Jibu: MERGE inazalisha nodi pacha kwenye Neo4j

Habari ndugu. Umesema kila ukiingiza data upya kwenye Neo4j (hifadhidata inayotunza vitu kama nodi zilizounganishwa kwa uhusiano), mteja yuleyule anajirudia, na kazi inazidi kwenda polepole.

Anza na MERGE yenyewe, yaani amri inayotafuta kitu na kukiunda kisipopatikana. Ukiandika mteja, uhusiano na oda kwa mkupuo mmoja, ikikosekana sehemu moja tu, vyote huundwa upya, hata mteja aliyekuwepo. Mimi ilinitesa siku nzima. Igawe: MERGE ya mteja kwa namba yake pekee, kisha ya oda, mwisho ya uhusiano.

Ondoa pacha, halafu weka sharti la upekee (linalozuia namba kujirudia) kwenye namba hiyo. Pacha wakibaki, sharti litakataa kuundwa. Sharti huja na faharasa yake (index), inayoharakisha kumtafuta mteja. Kisha endesha amri yako ukitanguliza PROFILE, inayoonyesha hatua inazopitia: ukiona NodeByLabelScan, bado inapekua wateja wote mmoja mmoja.