Kingamwili zikishuka kwa farasi wa dawa ya sumu ya nyoka

Ndugu, nimekuelewa: farasi wako wanadungwa sumu ya nyoka kwa ratiba ileile ili damu yao itoe kingamwili (kinga za mwili) za kutengenezea dawa, wanakula nyasi kavu tu, na kila baada ya kutolewa damu kingamwili zinazidi kushuka; unauliza ubadilishe nini kwenye chakula.

Mimi ningeanza na protini, maana kingamwili zenyewe ni protini. Farasi anayetolewa plazma (majimaji ya damu) mara kwa mara anapoteza nyingi, na nyasi zilizokomaa hazimrudishii. Ongeza lusini (alfalfa, majani ya malisho) au soya iliyopikwa, polepole, kwa wiki mbili hivi. Farasi wa kilo 500 asile chini ya kilo 8 za malisho makavu kwa siku. Kama chembe nyekundu za damu hazirudishwi mwilini baada ya plazma kuchukuliwa, anapoteza na madini ya chuma pia. Nyasi kavu zina vitamini E kidogo, mpe. Seleniamu (aina ya madini) usikisie kiasi chake kabisa; ikizidi ni sumu.

Usikimbilie mahindi: wanga mwingi huleta msokoto wa tumbo na ugonjwa wa kwato.

Ila chakula hakitamwokoa farasi mwenye minyoo au ini bovu. Kabla ya kumtoa damu tena, daktari wa mifugo apime albumini (protini ya damu), wingi wa damu na ini. Akikonda au macho yakigeuka manjano, msimamishe kazi siku hiyohiyo. Farasi wa kutengenezea dawa kama hii hupata amiloidosisi (protini mbovu kujikusanya kwenye viungo kama ini), na ini linaweza kupasuka.