Jibu: Maharaja wa Bikaner na wa Jodhpur ni ukoo mmoja?

Mkuu, umeuliza kama maharaja (wafalme) wa Bikaner na wa Jodhpur, kule Rajasthan nchini India, ni ndugu, na kama bado wanatawala.

Ndiyo, wote ni Warathore, ukoo wa Kirajput. Rao Jodha alianzisha Jodhpur mwaka 1459. Mwanawe Bika aliondoka na watu wake kutafuta himaya yake mwenyewe jangwani, upande wa kaskazini, na mwaka 1488 akaanzisha Bikaner.

Katika ukoo huo, msome zaidi Ganga Singh, maharaja wa Bikaner. Alirithi kiti mwaka 1887 akiwa bado mtoto, na njaa kali ya 1899 ikamkuta ndiyo kwanza kijana. Nchi yake ilikuwa mchanga mtupu, kwa hiyo akahangaikia maji ya mto Sutlej miaka na miaka, hadi mfereji ukafunguliwa 1927. Ulisakafiwa ili maji yasinywewe na mchanga njiani. Ardhi ile inalimwa mpaka leo, na kwangu hilo linazidi hata saini yake kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kikosi chake cha ngamia, kwa taarifa yako, kilipigana hadi Somalia.

Kutawala kulikwisha zamani. Mwana wa Ganga Singh, Sadul Singh, alitia saini ya kujiunga na India Agosti 1947, na mwaka 1971 serikali ikafuta vyeo na posho za wafalme wote. Karni Singh, mwana wa Sadul, aliingia bungeni kwa kura tangu 1952 na akakaa hadi 1977.