Jibu: Kusoma mikusanyo ya makala za wabobezi wa programu

Ndugu yangu, umeuliza iwapo mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, aliyekwisha kuimudu misingi ya lugha ya programu ya Java, anaweza kujifunza mbinu za juu kwa kusoma vitabu vinavyokusanya makala za wabobezi. Anaweza, ila asivisome mfululizo kama riwaya, kwa sababu kila makala iliandikwa kutatua tatizo lake na kwa mashine za wakati wake.

Mimi ningeanza na Programming Pearls cha Jon Bentley, kilichotoka mwaka 1986 kikikusanya safu zake za jarida la Communications of the ACM. Soma anapoeleza utafutaji wa nusu kwa nusu katika orodha iliyopangwa (unaangalia kipengele cha katikati, kisha unaacha nusu ambayo unachotafuta hakiwezi kuwamo), funga kitabu, uandike programu hiyo mwenyewe, kisha uijaribu kwa orodha tupu na yenye kipengele kimoja. Mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch alionyesha kwamba, katika utafutaji huo, kupata katikati kwa kujumlisha mipaka miwili (namba za nafasi ya mwanzo na ya mwisho ya sehemu inayotafutwa) na kugawa kwa 2 huleta jibu hasi pale jumla inapozidi 2,147,483,647, yaani kikomo cha namba kamili ya biti 32, na kasoro hiyo ilikuwamo hata katika maktaba ya Java yenyewe, yaani mkusanyo wa programu zilizo tayari zinazokuja na lugha hiyo. Dawa yake ni kugawa kwa 2 tofauti ya mipaka, kisha kuongeza mpaka wa chini.

Mbinu za kuongeza kasi ya programu utakazozikuta katika vitabu hivyo zipime kwanza kwenye kompyuta yako, maana kompaila za leo (programu zinazotafsiri msimbo uwe lugha ya mashine) hufanya mengi ya hayo zenyewe.