Picha ya angani kutoka Civil 3D kwenda OpenRoads

Ndugu yangu, unauliza kwa nini mchoro wako wa barabara ya Likoni, Mombasa, umetoka Civil 3D ukafika OpenRoads mzima (zote ni programu za kusanifu barabara), ila picha ya angani haikuja. Haikuja kwa sababu haimo kwenye DWG, yaani faili la mchoro. Ile ramani ya mtandaoni huvutwa kutoka intaneti kila ukifungua Civil 3D.

Tafuta picha yako mwenyewe, ya droni au uliyopewa haki ya kuitumia. Ifungue kwenye QGIS (programu ya ramani, ni ya bure), ikate eneo lako tu, ihifadhi kama GeoTIFF (picha inayobeba koodineti zake ndani) katika mfumo wa koodineti za mita wa WGS 84 / UTM 37S, yaani EPSG:32737. Kisha iambatishe kwa Raster Manager ya OpenRoads.

Ukitumia JPG, faili lake la .jgw, linalosema picha ikae wapi, lisafiri nayo, jina moja, folda moja. Lifungue kwa Notepad: mistari sita. Wa kwanza ni upana wa pikseli, miwili ya mwisho ni koodineti za pikseli ya pembeni juu kushoto. Huku kwetu Kisiwani Mombasa ni kama 574000 na 9552000. Ukiona 39.67 na -4.05, hizo ni digrii. Rudi QGIS ubadilishe.

Na tafadhali, muulize mpimaji wako ametumia datamu gani, yaani msingi upi wa kupimia koodineti. Kama ni Arc 1960, datamu ya zamani ya Afrika Mashariki, picha itahama karibu mita 300. Niliwahi kuona mstari wa kati wa barabara ukipita juu ya mapaa ya watu, na shida ilikuwa hiyo tu.