Jumamosi usiende: uvimbe wa mfupa hauchanwi ili ujulikane ni nini

Umeandika mengi kuhusu usingizi uliokupotea, kuhusu mama yako ambaye hujui umweleze nini, na kuhusu muda ambao majibu huchukua, lakini jambo la hatari umelitupia mwishoni kana kwamba unataja bei ya nyanya: kwamba eksirei imeonyesha kivuli katika mfupa wa paja, juu kidogo ya goti, na kwamba daktari wa hospitali ya jirani ameahidi kuutoa uvimbe huo Jumamosi "kwa nusu saa tu", kisha ndipo mtajua ni nini. Usiende, mdogo wangu. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu, na kila mara nimejikuta nikishika goti langu, ambalo halikunjiki tangu mwaka 2016.

Nilikuwa na umri wa miaka 27. Uvimbe ulikuwa mahali hapo hapo pako, ukiuma usiku kuliko mchana, nami nikausingizia mpira wa Jumapili. Kwa miezi miwili nilichuliwa na mzee mmoja kwa mafuta ya moto, kosa ambalo nalo lina hesabu yake, ila leo namsamehe kwa sababu mzee yule hakuwa na kisu. Aliyekuwa na kisu ni daktari wa hospitali moja ya binafsi, mtu mcheshi, aliyeinua picha yangu kwenye mwanga wa dirisha kwa sekunde zisizozidi kumi, akasema kwamba ni kauvimbe ka kawaida, na kwamba kwenda hospitali ya rufaa ni kujitafutia foleni. Foleni! Nikamkabidhi shilingi laki nne na nusu nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya bati za nyumba, tena nikamshukuru kwa mikono miwili.

Alinichoma ganzi ya mgongoni, akapitisha kisu kwa kukingama juu ya goti kama mtu anayekata mkate. Damu ilikuja kwa wingi asioutarajia. Nilimsikia akiagiza pamba mara tatu, na mara ya tatu ucheshi ulikuwa umekwisha. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya hudhurungi iliyoiva, kama ini lililopondwa, kikawekwa katika bakuli la chuma, na bakuli likaondoka. Wiki mbili baadaye nilipokwenda kuulizia majibu ya maabara, muuguzi alifungua daftari, akalifunga, akaniambia kwa upole kwamba hakuna kichupa kilichopelekwa popote. Basi nikawa na kovu, nikawa na deni, na kufikia mwezi wa nne baada ya kuchanwa nikawa tena na uvimbe, ila jibu la ni uvimbe gani ndilo sikuwa nalo.

Nilipofika Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwa rufaa niliyoikwepa tangu mwanzo, daktari bingwa alilitazama kovu kabla ya kunitazama usoni, akauliza, "Nani alipita hapa?" Kisha akanieleza jambo ambalo ningelisikia mapema ningekuwa leo nachuchumaa kama watu wengine. Mfupa ukishukiwa kuwa na uvimbe, kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, ni hatua ya mwisho ya uchunguzi. Kwanza hufanyika eksirei, kisha MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, inayouonyesha mfupa wote, kwa kuwa uvimbe mwingine huruka na kutua sehemu nyingine ya mfupa huo huo, na CT skani, yaani eksirei ya tabaka kwa tabaka, ya kifua, kwa kuwa mapafu ndiyo mahali ambapo saratani za mifupa hukimbilia zaidi. Vipimo hivyo vikifanywa baada ya kuchana, damu na majeraha huichafua picha, na mpimaji hawezi tena kusema kwa uhakika uvimbe unaishia wapi.

Halafu kuna njia yenyewe ya sindano au kisu. Kila palipopita chombo huhesabiwa kuwa pameshachafuliwa na chembe za uvimbe, hivyo katika upasuaji mkubwa njia hiyo hukatwa na kuondolewa pamoja na uvimbe wenyewe. Ndiyo maana kinyama huchukuliwa na daktari atakayefanya upasuaji wa mwisho, au kwa maelekezo yake, na mkato hufuata urefu wa mguu. Mkato wangu wa kukingama ulikuwa umeichafua misuli ambayo uvimbe wenyewe haukuwa umeigusa. Wala hili si jambo jipya la kumsamehe mtu kwa kutolijua: daktari wa mifupa Henry Mankin na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi wao mwaka 1982, wakaurudia mwaka 1996, na mara zote mbili waliwakuta wagonjwa waliokatwa viungo bila ulazima kwa sababu tu kinyama kilichukuliwa vibaya, huku makosa yakiwa mengi zaidi pale kilipochukuliwa kabla mgonjwa hajafika kituo cha mabingwa.

Uvimbe wangu ulikuwa ule unaoitwa wa seli kubwa, ambao kwa kawaida si saratani ila hula mfupa. Ungekwanguliwa ukiwa haujachezewa, shimo likajazwa saruji ya mifupa, huenda goti lingebaki. Kwa kuwa ulikuwa umeshamwagwa nje ya mfupa, waliondoa ncha nzima ya mfupa wa paja na kuliunganisha goti kwa chuma. Siku hizi nikipanda daladala, makonda husema mguu wangu ulipe nauli ya kiti chake, nami huwajibu kwamba una bima. Ingekuwa osteosakoma, saratani ya mfupa ambayo hupenda mahali hapo hapo na vijana wa umri wako wa miaka 19, nisingekuwa na utani wa kuandika, kwa sababu ile kwa kawaida huanzwa kwa dawa za saratani kabla ya upasuaji, na anayetanguliza kisu huwa ameivuruga tiba yote.

Kuhusu muda: kinyama chenye mfupa hulainishwa kwanza kwa asidi ndipo kikatwe vipande vyembamba vya kuwekwa kwenye hadubini, na kazi hiyo haiharakishwi kwa simu za kila asubuhi. Changu cha pili, kilichochukuliwa kwa sindano na kupelekwa maabara kweli, kilichukua wiki tatu. Katika siku hizo tembelea magongo na uache mpira kabisa, kwa maana mfupa ulioliwa huvunjika kwa jambo dogo, na ukivunjika humwaga uvimbe kama alivyofanya yule mcheshi wangu.

Kesho asubuhi nenda ukaombe picha yako na barua ya rufaa, na usiondoke dirishani mpaka bahasha iwe mkononi. Daktari akinuna, mwambie kuna mtu mwenye mguu ulionyooka kama ufito amekukataza.