Re: Fonti ya Zapfino inabadilika nikipeleka kadi Kariakoo

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, kadi ya harusi kwenye Mac yako iko safi, ila ukifika kwa mchapaji Kariakoo maandishi yanageuka ya kawaida, mikia yote inapotea. Angalia kwanza kompyuta yake. Zapfino, aliyoichora Hermann Zapf na kutolewa na kampuni ya fonti ya Linotype mwaka 1998, huja na Mac. Windows haina, hivyo programu inaweka fonti nyingine. Kabla ya kutuma, geuza maandishi yawe michoro (outlines) ili yasitegemee fonti, ndipo uhifadhi PDF. Nakala inayoharirika baki nayo, maana kamati haikosi kubadilisha ukumbi! Na majina ya maharusi usiyaandike kwa herufi kubwa tupu, hayasomeki. Namba za michango weka fonti ya kawaida.