Kazi ya tovuti ya mashabiki, niichukue?

SWALI: Anti shikamoo. Niko Marekani, nimemaliza kusomea uandishi wa habari juzi tu, sasa kuna tovuti ya mashabiki wa timu za chuo kimoja inanitaka niandike futiboli ya Kimarekani na basketi. Naogopa wahariri wa magazeti baadaye wataniona chawa wa timu. Niende?

JIBU: Marahaba mwanangu. Chawa utakuwa ukijifanya chawa mwenyewe. Tovuti nyingi za hivyo zinaishi kwa ada za wanachama, na hao hawalipii matokeo, matokeo wameshayaona kwenye TV, wanalipia kujua chuo kinamsajili nani kutoka sekondari, yaani utashinda kwenye simu unafukuzana na vijana hao na makocha wao, na tangu 2021 wachezaji wa vyuo waruhusiwe kupiga pesa kwa majina na sura zao, kama kwenye matangazo, halafu 2025 vyuo vyenyewe vikaruhusiwa kuwalipa, habari za hela hazilali. Hapo ndo utaiva. Ila kabla hujasaini uliza, unalipwa mshahara au kwa idadi ya wanaobofya? Chuo kinakupa kitambulisho cha kuingia uwanjani? (Wengine wanaandikia sebuleni wakiangalia TV, aisee.) Na kocha akivurunda, unaruhusiwa kuandika? Wakikwepa hilo la kocha achana nao. Wakijibu vizuri nenda, na kila stori nzuri weka kopi yako.